Mimi Ndiye Yaya wa Mwanangu

Shangazi Generoza, shikamoo. Nakuomba unisome mpaka mwisho hata kama mwandiko wangu ni mbaya, mimi niliishia darasa la saba na barua nilizoandika maishani hazifiki tano, naomba msaada wako haraka kwa sababu kuna kitu nimeombwa nikitoe kabla ya mwezi huu kuisha na mdomo wangu umeshakubali ila mkono wangu hautaki.

Nina miaka ishirini na nne, naishi hapa Bariadi na mume wangu Renatus, tuna mtoto mmoja wa kike, Kwandu, tulimbatiza hapahapa parokiani, ana miaka sita anakwenda saba. Renatus alikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika, walipopunguzwa kazi tukakaa mwaka mzima tunalima tu pamba na mahindi, halafu biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi ikaja kampuni ya wageni ikajenga kinu cha kuchambulia pamba, na kaka yake Renatus, shemeji yangu Sylvester, ambaye amesoma, akapata uhasibu pale akamvuta na mdogo wake akawa dereva, kwa hiyo Shangazi ujue kabisa kwamba ugali tunaokula umepitia mikononi mwa shemeji.

Wale wageni walikuja na watoto wao, wakaona shule zetu hazifai, wakageuza nyumba ya wageni ya kampuni kuwa shule, wamepaka rangi nyeupe, wameweka bembea na kibao kwamba ni shule ya kimataifa, sisi huku tunaiita intaneshino, watoto ni kumi na mmoja tu na mwalimu mkuu ametoka Uingereza, anaitwa Madam Rosemary, na vitabu vyote mpaka mitihani inatoka kwao huko. Kampuni ikasema Waafrika wenye vyeo nao wanaruhusiwa kuleta watoto, wenye vyeo, siyo madereva. Sasa shemeji Sylvester cheo anacho, ila yeye na mkewe Gloria wana miaka tisa ya ndoa na hawajajaliwa mtoto.

Ndipo baba mkwe, mzee Ndaki, akatuita wote nyumbani kwake Nkololo, akasema, "Nafasi ipo haina mtoto, mtoto yupo hana nafasi, mnasubiri nini?" Renatus akamwambia, "Baba, fomu inataka jina la baba wa mtoto." Mzee akacheka. "Kwani baba mkubwa siyo baba? Nani hapa ameshamsikia Kwandu akimwita Sylvester mjomba? Andikeni bwana." Na ni kweli Shangazi, kwetu kaka wa baba ni baba, mtoto anamwita baba na hakosei, hakuna aliyeona tunasema uongo, mimi mwenyewe nilipiga vigelegele. Pale kwenye mstari wa mama hakuna aliyeuliza kitu, shemeji ameshaandikwa juu basi Gloria akaandikwa chini yake. Siku ya kumpeleka Madam akauliza nani atakuwa anamleta na kumchukua mtoto, kwa sababu watoto wote pale wana mayaya, Gloria akanionyesha mimi niliyekuwa nimesimama na mfuko wa daftari, akasema, "Huyu hapa, yaya wake." Mimi nikatabasamu. Nilidhani ni ya pale getini tu.

Baadaye Gloria akasema mtoto wa shule ile hawezi kutoka kwenye nyumba ya nyasi asubuhi akafika na viatu vya vumbi, kwa hiyo Kwandu akahamia kwao kwenye nyumba za kampuni, kwangu anakuja Jumamosi, na mimi kila asubuhi naenda kwa Gloria namwogesha, namvalisha soksi ndefu, nampeleka, nakaa pale mpaka watoke. Shuleni wamemwita Wendi, Gloria ndiye alichagua, na mimi nikaambiwa nisiitwe mayu mbele ya walimu, maana mayu kwa Kisukuma ni mama na kuna mpishi pale angeelewa.

Sisi mayaya tunakaa kibaraza cha jikoni tunachambua mchele wa chakula cha watoto. Kuna mmoja anaitwa Justina, mdomo wake haufungwi, siku moja akaniambia, "Ila wewe, yaya gani unamtazama mtoto wa bosi kama unataka kummeza?" Mwenzake akadakia, "Na huyo mtoto amekuibia paji la uso! Mama yake akiliona atakufukuza kwa kumroga." Wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nikacheka nao.

Nisiseme uongo, nilifurahi pia. Kwandu alikuwa anasoma kitabu kizima bila kukwama, anahesabu kwa Kiingereza, anaimba, anaongea na watoto wa wazungu bila woga, mimi nikiulizwa hata jina kwa Kiingereza natoka jasho, nilikuwa nakaa tu namsikiliza na sielewi neno na machozi yananilengalenga kwa furaha, nikasema basi kuitwa yaya ni kitu gani, siyo ugonjwa.

Mwezi wa tatu wana sikukuu yao ya kina mama, watoto wanachora kadi wanabandika maua ya karatasi, halafu kila mmoja anaitwa anampelekea mama yake mbele ya watu. Wamama wamekaa kwenye viti, sisi tumesimama nyuma na vikapu. Wendi akaitwa, akatoka na kadi yake, akampita Gloria, akapita viti vyote, akaja akasimama hatua mbili mbele yangu akanitazama, watu wote wakageuka. Shangazi, alikuwa ananiuliza kwa macho. Na mimi nikamwelekeza kwa Gloria, nilinyoosha mdomo tu hivi, akageuka akaenda akampa. Wakapiga makofi. Gloria alilia kweli kweli, wala sina chuki naye.

Tangu siku hiyo hajaniita mayu tena. Jumamosi moja nikamuuliza, "Kwandu, mimi nani wako?" Akasema, "Yaya wa shule na mama wa Jumamosi."

Mwezi wa tano akapata homa akiwa darasani, anatetemeka, meno yanagongana, Gloria alikuwa ameenda Lamadi kununua samaki na shemeji alikuwa Mwanza, nikasema nipeni mimi nimkimbize hospitali. Madam aliongea kwa upole kabisa, mpishi akanitafsiria, "Anasema asante kwa kumpenda mtoto, lakini kanuni haimruhusu kumkabidhi kwa yaya." Tangu saa tano asubuhi mpaka saa tisa Gloria aliporudi nilikaa nje ya mlango wa ofisi nasikia mwanangu anagumia ndani, na sikusema mimi ni nani, nilifikiria kazi ya Renatus nikafunga mdomo. Alipona, namshukuru Mungu.

Sasa kampuni inamhamishia shemeji Dar es Salaam, wanaondoka mwezi wa nane, na kule kuna shule kubwa ya namna hiyohiyo mtoto anasoma mpaka anamaliza. Shule hiyo inataka cheti cha kuzaliwa. Gloria ameniomba kadi ya kliniki ya Kwandu aende nayo bomani. Nikamuuliza, "Na jina la mama, dada?" Akashusha pumzi. "Nyamizi mdogo wangu, usinifanye mwizi. Fomu zote za shule zina jina langu, cheti kikisema vingine si tutaumbuka wote? Wewe bado kijana, utazaa. Mimi nitazaa lini?" Nikamwambia nitaitafuta. Sijaipoteza, ipo kwenye debe la mchele.

Renatus anasema nitoe. "Mtoto anaenda kwa baba yake mkubwa, haendi kwa jambazi. Unataka nirudi kwenye jembe?" Mzee Ndaki anasema nina roho mbaya, nambania mjukuu wake asiwe mtu. Na mimi pengine najiambia labda ni kweli, labda atakuwa anakuja likizo, labda akikua na Kiingereza chake atajua mwenyewe moyoni akanitafuta, watu wengi wamelelewa kwa ndugu na wamerudi. Shangazi, nimpe kadi au nisimpe? Na kama nikimpa, kuna namna ya kufanya asinisahau?

Mimi Nyamizi, Bariadi.

SHANGAZI GENEROZA ANAJIBU

Mama Kwandu, nakuita hivyo kwa kuwa inaonekana huko kwenu hakuna anayekuita. Majina yote nimeyabadilisha, usiogope. Marahaba, na pole sana. Pole hiyo itunze, kwa sababu huko mbele sina nyingine.

Kadi usitoe.

Sasa tuongee. Shule ya kimataifa! Watoto kumi na mmoja ndani ya nyumba ya wageni iliyopakwa rangi, bembea moja, na kibao. Mataifa yote yamo humo isipokuwa lile lililoizunguka. Wanafundishwa theluji na wafalme wa Uingereza, na wakitoka darasani wanapita katikati ya mayaya wenye vikapu bila kujua kwamba mmoja wao ni mama. Mwalimu mkuu amepanda ndege kutoka ng'ambo mpaka Bariadi na vitabu vyake, anakaa na mtoto siku tano kwa wiki, na hajaona kwamba paji la uso la Wendi na la yaya wake ni moja. Mayaya wameliona wakiwa wanachambua mchele. Hapo nikajiuliza ni nani kati yao amesoma.

Hata hivyo yule Madam ndiye mwenye kosa dogo kuliko wote. Kanuni ya kutomkabidhi mtoto mgonjwa kwa mtu asiye mzazi ni kanuni nzuri, ningekuwa na shule ningeiweka. Yeye alidanganywa. Ninyi ndio mliomdanganya, ukoo mzima, tena kwa vigelegele.

Namwanzia mzee Ndaki. Baba mkubwa ni baba, sina ubishi, mimi mwenyewe nimelelewa kwa baba mkubwa tangu nikiwa mdogo mpaka nikaolewa. Lakini baba yangu mkubwa hakumsimamisha mama yangu getini na kikapu. Mama alipokuja kunitazama aliwekewa kiti, akachinjiwa kuku, na mimi nikaambiwa nipige magoti nimsalimie mama yangu. Mila ile inamwongezea mtoto baba. Haimpunguzii mama. Mzee amechukua nusu iliyomfaa, ile nyingine ameiacha zizini. Mwambie hivi: ndama wake akinyonya kwa ng'ombe wa jirani huko malishoni, atakubali aandikwe wa jirani? Atamfuata mpaka Kalemela, kwa miguu, na fimbo.

Shemeji yako Sylvester hajasema hata neno moja katika barua yako yote. Mhasibu mzima, hesabu ya mtoto mmoja na mama wawili imemshinda, amejificha nyuma ya khanga ya mke wake.

Gloria nampa pole yake kwa moyo wote. Miaka tisa ya kusubiri mtoto, na wakwe wa aina hiyo, ni mingi. Lakini uchungu wake haumpi ruhusa ya kumfanya mke wa shemeji yake mtumishi wa kuosha miguu ya mtoto aliyemzaa. Na lile neno lake kwamba wewe utazaa wengine, watu wazima hawaambiani hivyo. Mtoto siyo kuku wa kusema yupo mwingine bandani.

Mume wako ni mwepesi, simpotezei wino. Mwanamume anayeogopa jembe kuliko kumpoteza binti yake. Mkumbushe tu kwamba jembe ndilo lililowalisha mwaka ule wote aliokaa bila kazi, na hakufa.

Na wewe, usidhani nimekusahau. Siku ile ya kadi za kina mama mtoto wa miaka sita aliwapita wazungu, akampita Gloria, akavuka viti vyote, akakuchagua wewe mbele ya umati. Watu wazima watano wa ukoo wenu hawajawahi kuwa na ujasiri ule. Ukamkataa. Nimesoma hapo chai yangu ikapoa. Halafu unaniuliza kama kuna namna ya kufanya asikusahau ukishatoa kadi. Haipo. Hatakusahau kabisa, hapana, atakukumbuka kama yule yaya wa Bariadi aliyekuwa mpole. Atawahadithia watoto wake. Unaitaka sifa hiyo?

Usinielewe vibaya kwamba naichukia shule. Kumtamania mwanao Kiingereza na vitabu siyo dhambi, na yale machozi yako ya kibarazani nayaheshimu. Watoto wanalelewa kwa ndugu kila siku na wanatoka watu. Ila wanalelewa wakijua. Huyu wako amefundishwa kwamba mama ni kazi ya Jumamosi.

Haya, sikiliza. Kesho asubuhi itoe hiyo kadi kwenye debe kabla panya hawajaisoma, nenda parokiani kachukue cheti cha ubatizo cha mtoto, na Renatus akiwa kazini wewe usimsubiri, nenda bomani uanze kuomba cheti cha kuzaliwa kwa jina lako na la mume wako. Mwombe mama wa ubatizo wa Kwandu awe shahidi. Anayetangulia kuomba ndiye mwenye nguvu, na wewe una kila karatasi. Gloria hana hata moja, ndiyo maana amekubembeleza.

Ukishatoka bomani nenda kwa Gloria mwenyewe, mchana, mkiwa wawili tu, kabla hajasikia kwa watu. Usitukane. Mwambie cheti kinaandikwa ukweli, na mwambie mtoto atakuja kwake likizo kwa furaha kabisa kama anakwenda kwa mama yake mkubwa. Hicho ni cheo kikubwa na ni chake. Akilia, mwache alie, na wewe usianze kumbembeleza ukajikuta umempa kadi.

Kisha wewe na Renatus mwende shuleni kwa Madam. Akikataa Renatus nenda na mama wa ubatizo. Kwa wakwe zako unapiga magoti na ni heshima, endelea, ila kwa Madam kaa kwenye kiti. Mpishi atakutafsiria. Mweleze yote, na umwambie kosa ni la wakubwa, mtoto asiadhibiwe. Mwombe amwache Kwandu amalize muhula kwa jina lake. Anaweza kukubali. Anaweza pia kumtoa siku hiyohiyo, na kampuni inaweza kumwachisha Renatus, sitakudanganya. Hilo lijue kabla hujagonga mlango. Lakini soko lililoileta kampuni hiyo limeleta na nyingine, na zote zina malori yanayotafuta dereva msimu wa pamba ukifika. Dereva mwenye leseni safi hakai sana.

Mwezi wa kwanza atakuwa na umri wa darasa la kwanza. Mwandikishe shule ya jirani yenu, kwa jina la Kwandu. Kiingereza alichojifunza hakitamwagika njiani. Mkalishe jioni akusomee vitabu, na wewe umuulize kila neno maana yake. Atakufundisha, na itakufaa.

Kuanzia siku utakayoongea na Gloria alale kwako. Usingoje Jumamosi. Mwambie mwenyewe, kwa Kisukuma, kwamba wewe ndiye mayu, siku zote saba, na kwamba siku ile ya kadi alikuwa sawa na wewe ndiye uliyekosea. Usimwambie alidanganya. Mlidanganya ninyi.

Atakuchukia, jiandae. Ataililia bembea, atawalilia rafiki zake na soksi zake ndefu, atakataa uji wako, atasema anamtaka mama Gloria na kwamba wewe siyo mama, wewe ni yaya. Atasema hivyo wiki mbili, pengine mwezi. Usimpige, na usimnyamazishe kwa pipi. Endelea kukoroga uji. Mwache alie mpaka achoke, mradi analilia nyumbani kwenu.